Majike wa Bodil Waliogeuka Madume

Katika chama chetu cha wafuga samaki wa matangi tulikuwa watu kumi na tisa, na kati yetu sote hakuna aliyekuwa na jicho la Bodil Krogsgaard. Mpe gapi wa wiki tatu, samaki mdogo kuliko punje ya mchele, hana rangi hata chembe, yeye atainamia kikombe na kusema, "Huyu jike. Huyu jike. Huyu dume, mtoe." Na haendi kombo.

Sisi wengine tulisubiri wakue. Gapi akishakua hata mtoto wa shule atamjua. Dume ni mwembamba, ana mkia mpana wa rangi rangi kama leso ya sikukuu, na pezi lake la chini ya tumbo limesinyaa likawa kama kijiti. Jike ni mnene na wa kijivu, pezi lake la chini limetanuka kama upepeo, na pale tumbo linapoishia ana doa jeusi. Ila ukisubiri uyaone yote hayo umeshachelewa. Madume huanza mambo mapema, na jike akipandwa mara moja tu anaweza kuzaa miezi mitano kwa mbegu ileile. Anayetaka ukoo safi lazima awatenganishe wangali vifaranga. Kwa hiyo kila Jumatano ya pili ya mwezi tulimpelekea Bodil vikombe vyetu, naye akatuchambulia huku kahawa yake ikipoa.

Mwaka huo wa 1981 alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, mfanyakazi wa chumba cha kufulia katika nyumba ya wazee. Nyumba yake ya matofali mekundu ilikuwa ya mwisho kijijini kwetu Vesterhede, ng'ambo ya ua ni shamba la viazi la jirani. Ya kwangu ilikuwa ya tatu kutoka kwake, nami ndiye niliyekuwa katibu wa chama, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe na mengine alinisimulia. Watu walimwona mkavu, mwanamke asiyetikisika. Mimi nilijua ni mwoga. Akitoka nyumbani alirudi kutazama kama jiko limezimwa, akatoka, akarudi tena.

Januari ile, binti yake wa pekee, Signe, alirudi kukaa naye. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mimba ya kwanza ilimtoka mwaka uliotangulia, na hii nayo ilianza kwa kutokwa damu, daktari akamwamuru apumzike na asipate mshtuko wowote. Mumewe, Laust, alifanya kazi kwenye mtambo wa mafuta katikati ya Bahari ya Kaskazini, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani. Signe hakuwa mtu wa kukaa bure. Akamwomba mama yake ampe kazi ya kulisha samaki asubuhi na mchana, Bodil awapo kazini.

Jumapili moja ya Machi, baada ya chakula cha mchana, Bodil alivuta kiti mbele ya tangi la majike. Walikuwa ishirini na wanne, amewatenga mwenyewe mmoja mmoja. Akakuta wanne wana rangi.

"Signe!" aliita. "Umehamisha samaki?"

"Nimhamishe nani, Mama? Mimi nawapa chakula tu."

Akachukua wavu, kikombe cheupe na lenzi yake. Nimekosea, alijiambia, na wazo hilo peke yake likamkausha mate, kwa maana lile jicho ndilo lililomfanya awe mtu mbele za watu. Akawatazama wanne wale. Mikia ina njano na buluu, mapezi ya chini yamesinyaa. Basi, ni madume, jicho limekwisha. Alikuwa anataka kuwahamishia kwa madume ndipo wa nne akageuka ubavu, Bodil akaona ncha ya mkia wake imepigwa pengo.

Huyo alimjua. Alikuwa jike mzee, mkia wake uliliwa na mwenzake zamani, na alikwisha kuzaa mara tatu mbele ya macho yake. Huyo hakuweza kuwa kosa. Doa jeusi lilikuwa bado palepale chini ya tumbo, na mbele ya doa pezi lilikuwa likijigeuza kijiti. Mama wa watoto sabini alikuwa anageuka dume.

Bodil aliniambia kwamba vinyweleo vya shingo vilimsimama. Akaiweka lenzi mezani polepole sana, kama mtu aliyeona nyoka na hataki nyoka naye amwone.

Jumatano alikuja chamani na majike wawili kwenye chupa ya jamu. Tulikuwa tunakutana katika karakana ya useremala ya shule, kwa sababu mwenyekiti wetu, Kresten Toft, alikuwa mwalimu wa useremala pale. Kresten alikuwa mtu mzuri mwenye mdomo mbaya.

"Haya, jicho la chama limetuletea nini leo?"

"Watazame hawa, uniambie ni nini."

Kresten akainua chupa kwenye taa. "Madume. Madume mabovu, nisingempa hata paka, lakini madume."

"Niliwatenga mimi mwenyewe. Na huyu mwenye pengo amezaa mara tatu."

"Bodil, dada yangu, wewe na mimi tumezeeka. Nenda kapime macho. Mimi juzi nimeiamkia nguzo ya simu, tena nikaiuliza hali ya watoto."

Watu wakacheka, mimi nikiwamo. Bodil hakucheka. "Tazama doa, Kresten," alisema. "Tazama doa ndipo ucheke."

Akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena, na kicheko kikamwisha. Chupa ikapita mkono hata mkono, na kila aliyeipokea aliigeuza kwenye taa. Ndipo mmoja wetu aliyekaa nyuma akasema, bila nia mbaya, "Labda ni maji. Kwenu si mnatumia kisima? Nani ajuaye wananyunyiza nini kwenye viazi vile. Kama kinageuza samaki hivi…"

Nilimwona Bodil akishika ukingo wa meza. Midomo yake ilikuwa myeupe. Sisi wote mle ndani tulikuwa tunawafikiria samaki. Yeye alikuwa anamfikiria Signe, ambaye asubuhi ile ile kabla ya chai alikuwa amekunywa glasi mbili za maji hayo.

Hapo ndipo alipoanza kudanganya. Alisema baadaye kwamba hakuona njia nyingine: daktari kakataza mshtuko, na habari hii ilikuwa mshtuko mtupu. Kwa hiyo akamwambia Signe bomba la kisima lina kutu, asinywe ya bombani. Kila siku alipotoka kazini alifunga madumu mawili nyuma ya baiskeli, akayajaza maji ya nyumba ya wazee, akasukuma kilometa nne kwa mguu, maana baiskeli yenye mzigo ule haipandiki. Upepo wa Machi kwetu hauna huruma. Nilimpita siku moja na gari langu nikasimama kumpa lifti.

"Bodil, unahamisha kisima?"

"Ni mazoezi," akasema, na machozi yalikuwa yamejaa machoni. Nikadhani ni upepo.

Aliyapikia maji yale, akayachemshia kahawa, akaoshea saladi. Mchana alipokuwa akikunja mashuka ya wazee alijiuliza: amekumbuka? Hajasahau akafungua bomba? Akifika nyumbani jambo la kwanza ni kutazama glasi ziko wapi, na lile dumu limepungua kiasi gani. Usiku alikuwa akisikiliza hatua za Signe kuelekea jikoni.

Alikaa hivyo roho juu wiki tatu. Kisha Jumamosi moja Bodil akiwa anamenya viazi, Signe akaingia kutoka bustanini, uso mwekundu kwa jua la kwanza la mwaka, akafungua bomba, akajaza glasi, akaipeleka mdomoni. Bodil aliruka. Alimpiga binti yake kwenye kifundo cha mkono kwa nguvu zote, glasi ikapasukia kwenye sinki.

"Mama! Umerukwa na akili?"

"Umekunywa? Umemeza?"

"Kwa ajili ya kutu?" Signe alikuwa ameshika mkono wake, anamtazama mama yake kama mtu mgeni. "Unanipiga kwa ajili ya kutu?"

Na Bodil, amesimama na kisu cha viazi mkononi, akaeleza yote. Alipomaliza, Signe alikuwa amekaa kitini, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu unaniambia kutu. Mimi mtoto mdogo? Huyu aliyemo humu ni wako au wangu?"

"Niliogopa, mwanangu. Daktari alisema mshtuko…"

"Mshtuko ndio huu!" Kisha akasema kwa sauti ya chini, na Bodil alisema hiyo ilimuuma kuliko makelele: "Usinidanganye tena. Hata kama ni jambo la kuniua. Naomba uniahidi."

Akaahidi.

Signe alikuwa na akili tulivu kuliko mama yake. Jumatatu asubuhi alimpigia simu mtu wa maji wa halmashauri, akaja na chupa zake, akachota kisimani na bombani, akasema majibu ni baada ya siku kumi na mbili. Siku hizo kumi na mbili mama na mwana walikunywa maji ya dumu wakiwa hawasemi sana. Trekta la jirani lilipopita na pipa la dawa nyuma, Bodil alifunga madirisha na kuziba nyufa za mlango kwa taulo.

Barua ilipofika ilisomwa na Signe, kwa sababu mikono ya mama yake ilikataa. Maji ni safi. Hakuna dawa ya shamba, hakuna kitu. Bodil akakaa kwenye ngazi ya nje, akalia mpaka kwikwi. Jioni walinialika, tukala nyama ya nguruwe ya kukaanga, viazi na mchuzi mweupe wa majani, na Signe akanywa maji ya bombani glasi nne mfululizo huku anatucheka.

Raha hiyo ilidumu usiku mmoja.

Kesho yake Kresten alikuja kuomba radhi kwa mzaha wake na kuwaona samaki kwa macho yake. Nami nilikuwapo. Sasa wenye rangi walifika kumi na watano.

"Tukiondoa maji," Kresten alisema, akijikuna ndevu, "kinabaki kinachoingia mdomoni. Unawalisha nini?"

Bodil akampa kopo. Lilikuwa kopo kubwa la bati, halina karatasi, nusu limekwisha. "Nililinunua kwa Egon Lund, yule mwenye duka la samaki, Januari, kwenye soko la kubadilishana samaki. Alisema kinatia rangi."

Kresten akafungua, akanusa, akalifunga.

"Kinatia rangi kweli," akasema. "Huu ni mchezo wa zamani wa wauzaji. Vifaranga na majike hawana rangi, hakuna anayewanunua. Basi wanachanganya homoni ya kiume kwenye chakula. Wiki chache samaki wote dirishani wanameremeta. Mnunuzi akifika kwake, miezi miwili wamefifia, na kuzaa hawazai." Alikuwa ametua mzigo wa kuomba radhi, na mtu akitua mzigo mdomo hufunguka. "Angalia tu, Bodil, wewe nawe usije ukaota ndevu tukashindwa kukujua."

Hakuna aliyecheka. Nikamtazama Bodil, naye alikuwa anatazama mlango wa chumba cha pili. Signe alikuwa huko, mbele ya tangi la vifaranga, anawapa chakula cha mchana alichochota koponi mapema. Vifaranga hawawezi kula vipande vikubwa, kwa hiyo alikuwa anakisaga baina ya kidole gumba na cha shahada mpaka kiwe vumbi, kwa mikono mitupu, kama alivyofundishwa na mama yake tangu utotoni. Kisha, ili aliokote vumbi lililobaki kiganjani, akalamba ncha ya kidole, akagusa vumbi, akalitia majini. Akalamba tena.

Mara mbili kwa siku. Tangu Januari.

"Signe," Bodil aliita. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Kanawe mikono."

"Kwa nini?"

"Chakula kimeoza, anasema Kresten. Kanawe. Kwa sabuni. Na mdomo sukutua."

Akatugeukia sisi, uso umemwisha damu, akaweka kidole mdomoni. Tukanyamaza. Ahadi yake ilikuwa haijatimiza wiki tatu.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka kwa gari langu, kilometa arobaini, ng'ambo ya ghuba, dukani kwa Egon. Kopo alikuwa amelifunga katika mifuko miwili ya plastiki, amelipakata mapajani, na mikononi amevaa glavu za mpira za kazini. Njia nzima alisema neno moja tu. "Nilimfundisha mimi."

"Ulimfundisha nini?"

"Kulamba kidole."

Egon alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependwa na kila mtu. Alifungua mikono alipotuona. "Jicho la Vesterhede! Karibuni, kahawa iko tayari."

Bodil akaweka kopo juu ya kaunta. "Umetia nini humu?"

"Humo? Vitamini. Karoti."

"Egon."

"Basi, kila mtu anatia kidogo, Bodil. Mnataka rangi, mnapewa rangi. Nani amekufa?"

"Binti yangu ana mimba ya miezi sita," alisema Bodil. Hakupaza sauti hata kidogo. "Amekisaga kwa vidole vyake karibu miezi mitatu, na vidole amevilamba. Sikuja kugombana na wewe. Sikuja kukushtaki. Nimekuja kuuliza ni kitu gani na ni kiasi gani, nikamwambie daktari."

Nimewahi kuona watu wakiogopa, lakini sijaona hofu ikihama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kama siku ile. Egon alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. Kijasho kikamtoka juu ya mdomo.

"Mungu wangu," alisema. "Ni vidonge tu. Vidonge vya dawa, nilipewa na mtu."

"Vinaitwaje? Vingapi?"

"Sikumbuki."

"Kumbuka."

Akamsukumia kalamu. Egon aliandika jina la dawa nyuma ya karatasi ya kufungia, akakata hesabu, akaandika upya. Tulipokuwa mlangoni alituita. "Bodil, mimi nina mabinti wawili," alisema. Bodil alikuwa ameshatangulia garini na kopo lake. Sijui hata kama alisikia.

Safari hii hakungoja. Alimwambia Signe pale pale mlangoni, koti halijavuliwa, akaanza na uongo wa jana. Signe alisikiliza mpaka mwisho, akaenda chooni akatapika, akarudi akipangusa mdomo.

"Siku moja," alisema. "Ulinificha siku moja. Haya. Mara iliyopita ilikuwa wiki tatu." Kisha wakaketi wote wawili sakafuni kati ya viatu.

Daktari alisoma karatasi ya Egon mara mbili. Alikuwa mtu wa kusema wazi. Kiasi ni kidogo, alisema, na kingi kilibaki kwenye vidole au kikaenda kwa samaki. Hatari ya kufa mtoto haipo. Kama ni mvulana, hakuna neno kabisa. Kama ni msichana, huenda pia hakuna neno. Au huenda sehemu zake za siri zimekua kupita kawaida, kiasi kwamba akizaliwa isiwe rahisi kusema palepale ni mvulana au msichana. Hilo lina tiba.

"Na hatuwezi kujua sasa?" Bodil aliuliza.

"Hatuwezi. Tutangoja azaliwe."

Wakangoja. Mwisho wa Aprili, Mei, Juni. Laust aliporudi kutoka baharini akaambiwa, alisema, "Mtoto ni mtoto," akatoka kwenda kupasua kuni, akapasua mpaka mpini wa shoka ukavunjika, na kuni zikatosha majira mawili ya baridi. Bodil, ambaye kanisani alikuwa haonekani ila Krismasi, alianza kwenda kila Jumapili. Aliniambia bila haya anachoomba: mvulana. "Simwombi Mungu kikubwa," alisema. "Keshapitisha, mimi najua. Namwomba tu awe amepitisha mvulana."

Aliosha nyumba nzima. Vikombe, vishikizo vya milango, mito, zulia lililokuwa chini ya tangi akalichoma uani. Mikono yake ilichubuka kwa sabuni. Kazini wanawake walimwambia tumbo la juu ni mvulana, tumbo la chini ni msichana, na ingawa alijua ni porojo, akawa anampima Signe kwa macho kila anapopita, leo juu, kesho chini. Signe akaona. "Mama, mimi si tangi," alisema siku moja, na Bodil akageuza uso ukutani.

Jumatano ya mwezi wa tano tulipomwekea vikombe vyetu mezani, alivitazama, akaisukuma lenzi mbali. "Nendeni navyo," alisema. "Siwezi kumwita yeyote jike wala dume." Kresten akavikusanya mwenyewe. Nyumbani, samaki walikuwa wamebadilishiwa chakula, na mikia yao ikaanza kufifia, njano kwanza, halafu buluu. Bodil aliwatazama kila siku akitafuta dalili, hajui dalili ya nini.

Uchungu ulimshika Signe tarehe tisa Julai, alfajiri. Niliwapeleka mimi. Laust aliingia naye chumba cha kuzalia, na mimi na Bodil tukabaki kwenye benchi la ukumbini, jua limeshajaa sakafuni, muuguzi anapita na chai. Saa tatu na dakika kumi tulisikia kilio. Bodil akasimama. Nikamwambia akae, akakaa. Tukangoja mtu atoke.

Mlango ukafunguka, mkunga akatoka mbio mbio, akatupita bila kututazama. Akarudi na daktari. Mlango ukafungwa.

Bodil alinishika mkono juu ya kiwiko. Alikodoa macho kwenye kitasa cha mlango, pumzi anaivuta kwa midomo kama mtu anayezama, na kucha zake zikaingia kwenye ngozi yangu, alama zake nilikaa nazo siku tano. Mtoto ndani alinyamaza. Akalia tena. Sikutazama saa tena, lakini muuguzi alipita na vikombe vitupu, akapita tena na shuka, na mlango bado umefungwa.

Alipotoka Laust uso wake ulikuwa umelowa.

"Msichana," alisema.

"Nani kasema?" Bodil hakuachia mkono wangu.

"Wamesema, Mama. Msichana."

"Nani? Mkunga au daktari?"

"Wote wawili."

"Walitazama vizuri?"

"Walitazama na taa. Daktari mwenyewe. Hana kasoro. Kila kitu kiko kama kinavyotakiwa kuwa."

"Sasa daktari aliitwa kwa nini?"

"Signe alichanika, wanamshona. Basi! Hakuna lingine." Na Laust, jitu la kuhimili mawimbi ya Bahari ya Kaskazini, akakaa benchini akalia kama mtoto. Bodil hakulia. Aliendelea kukodolea mlango. Kesho yake akaja mtaalamu kutoka mji mkubwa, akampima mtoto, akachukua damu, na majibu yalipokuja yalikuwa yale yale. Wakamwita Marna.

Ungedhani hofu ingemtoka hapo. Haikutoka. Hofu iliyokaa mwilini miezi minne haiondoki kwa sababu umeiambia iondoke. Alimbeba Marna, alimwogesha mikono na uso, alimwimbia, lakini nepi hakumbadilisha hata siku moja. Mtoto akilowa tu, Bodil alikuwa na sufuria jikoni, au mgongo unamuuma. Signe alifahamu, akawa anambadilisha mwenyewe.

Chamani alisimama Agosti, akaweka lile kopo mezani, akatueleza kwa maneno machache lilivyofanya kazi yake, akakaa. Alikuwa hajamshtaki Egon na hakumshtaki. Mwaka uliofuata nilipita dukani kwake, nikakuta dirishani tangi zima la samaki wa kijivu, na kibao kimeandikwa kwa mkono: *Majike, hawana rangi, ndivyo walivyo.*

Septemba Signe na Laust walihamia Esbjerg, mji wa bandari, na Oktoba Bodil akaenda kuwatembelea. Siku ya pili Signe alikuwa na miadi kwa daktari wa meno, Laust yuko baharini. "Saa moja tu, Mama," alisema, na mlango ukafungwa. Bodil anaamini mpaka leo kwamba meno ya Signe yalikuwa mazima.

Marna alilia kabla mama yake hajafika kituo cha basi. Bodil akampa chupa, akaikataa. Akambeba akatembea naye, akazidi kulia, na unyevu ukaanza kupenya mkononi. Alitazama saa. Akamlaza mezani juu ya taulo, akasimama pale akiwa amefumba macho. Kisha akafungua pini.

Alitazama. Alitazama kwa muda, kwa jicho lake lile lile, kama asemavyo mwenyewe, "mpaka nikaridhika, halafu nikatazama tena." Mtoto alinyamaza, akarusha miguu, akafurahi kuwa wazi. Na kabla nepi safi haijafika chini yake, akakojoa, mkojo moto ukapita chini ya mkono wa bibi yake na kuingia ndani ya shati mpaka kwenye kiwiko.

Signe aliporudi aliwakuta wote wawili jikoni, mtoto amelala begani, Bodil amevaa shati la Laust lililomfika magotini.

"Hee, Mama, umepatwa na nini?"

"Nyamaza utamwamsha," Bodil alisema. "Tena nepi zenu hizi ni ndogo. Kesho nakununulia nyingine."